Nani Anatembea Barazani?

Kila Januari ukurasa huu huwa ni wa madeni ya sikukuu: ada za watoto, kodi ya nyumba, na yule shemeji aliyekopa hela ya mbuzi akapotelea nayo. Mwaka huu mtanisamehe. Madeni tutayaongea Februari, yatakuwa bado yapo. Nimerudi Dar juzi kutoka Machame, na kichwani nina jambo moja tu: habari ya mzimu ambao nusura univunjie ndoa.

Usicheke, mpenzi msomaji. Mimi ni mtoto wa Pangani. Nimekua nikiambiwa mbuyu upi una wenyewe na kisima kipi hakichotwi saa sita mchana. Siogopi ovyo. Lakini usiku wa kwanza niliolala ukweni, miaka saba iliyopita, niliogopa mpaka nikasahau kwamba mimi ni bibi harusi natakiwa kujikaza.

Wachagga na Desemba mnawajua. Mji unahama. Tulifika njia panda ya Machame jioni, tukapanda na ile barabara inayoishia kwenye geti la kupandia mlima, migomba huku na huku, kahawa chini ya migomba, maji ya mfereji yanakimbia kando ya njia, na baridi inaongezeka kila tukikata kona. Nyumba yenyewe iko kwenye kihamba cha ukoo, juu kidogo ya Nkwarungo. Kuta za mawe, paa la bati lililoota kutu, na mbele baraza refu la saruji. Nikakaribishwa kwa vifijo, nikala mtori mpaka nikashindwa kuinama, nikapewa chumba cha mbele.

Saa nane za usiku nikasikia mtu anatembea barazani. Ko. Ko. Ko. Hatua za buti, taratibu, za mtu asiye na haraka. Zikafika mlangoni, zikasimama. Nikamtikisa mwenzangu. Akanijibu bila kufumbua macho: "Lala, mke wangu. Ni wa hapa hapa."

Wa hapa hapa! Asubuhi nilipotoka kunawa uso, mlango mkubwa, ambao kwa macho yangu niliuona ukitiwa komeo usiku, ulikuwa umerudishiwa tu.

Mawifi zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyo ni Mjerumani wetu," wakaniambia. Hadithi ikaja yote kwa mkupuo, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Nyumba ilikuwa ya kapteni wa Kijerumani. Usiku ule Waingereza walipokuwa wanapanda kuja, akachimbia sanduku la dhahabu chini ya baraza, akakimbia, akafia mbele ya safari. Tangu hapo kila usiku anarudi kukagua mali yake. Majirani wanaiita nyumba ya vita. Wakati fulani walikuja vijana wa mjini na kidude cha kupima madini wakataka kuchimba, babu yake mwenzangu akawafukuza kwa panga.

Sasa mimi ni mtu wa kazi ya habari, nimesomea mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu mizima. Siwezi kusikia hadithi nikaiacha bila kuikagua. Halafu, kusema kweli, hii ya dhahabu ya Mjerumani nimeisikia Tanga, nimeisikia Iringa, nimeisikia Tabora. Nchi hii kama dhahabu yote hiyo ingekuwepo, hakuna ambaye angekuwa anadaiwa ada.

Wajerumani Machame walikuwepo, tena mapema. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika mwaka 1893 wakaanza kazi Nkwarungo, enzi za Mangi Shangali. Wenzao wenye bunduki walikaa upande wa Moshi, ile tunayoiita leo Old Moshi, na hao hawakuja na Biblia. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine 17. Mshika hapo hapo na wewe msomaji, kwa sababu Meli nitamrudia.

Vita vya Kwanza vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta, ng'ambo tu ya mpaka. Februari 1916 jeshi la Waingereza lilichapwa kwenye kilima cha Salaita, Machi likapita kwa nguvu kwenye vilima vya Latema na Reata, na katikati ya mwezi ule Moshi ikawa mikononi mwa Jenerali Smuts. Von Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kuelekea Kahe, ambako alikuwa amesimika mzinga uliong'olewa kwenye manowari ya Königsberg, ile iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Mzinga wa meli, huku bara, chini ya mlima wenye theluji! Watu wana mambo.

Lakini angalieni tarehe. Zile sarafu za dhahabu za Wajerumani zenye picha ya tembo, ambazo wachimbaji wote wanaziota, zilipigwa Tabora mwaka 1916 baada ya Moshi kuanguka. Kapteni wetu angezichimbia vipi Machame kabla hazijatengenezwa? Na wale wamisionari nao waliondolewa nchini mwaka 1920, wakarudi katikati ya miaka ya 1920, na vita vya pili vilipokuja wakazuiliwa tena. Waliondoka wazima kwa miguu yao. Mzimu wa mmoja wao ukitaka kutembea, si utembee Leipzig?

Nikajiona nimemaliza. Nikamwambia mwenzangu, hakuna kapteni hapa. Akasema, "Sawa." Kwa sauti ile ya mtu ambaye hajasema lolote. Wanandoa mnaijua.

Ugomvi ulianza mwaka wa tatu wa ndoa. Mume wangu ni mziwanda, na baba yake alikuwa mziwanda, na kwa desturi ya kule nyumba ya wazazi humwangukia mtoto wa mwisho. Kwa hiyo nyumba ya vita ni yetu. Bati linavuja, mbao za dari zimeliwa na mchwa, choo kiko nje kabisa na usiku ukitaka kwenda unahitaji koti na ujasiri. Nikasema tuibomoe tujenge ya kisasa pale pale, maana ndipo penye tambarare, kwingine kote ni mteremko. Akasema wazo zuri. Tukakopa. Tukanunua saruji mifuko 40 tukaihifadhi kwenye banda la ng'ombe la zamani.

Ikafika Desemba, fundi yupo. Mwenzangu akasema, "Mwakani." Mwaka uliofuata, "Mwakani." Mkopo unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, wangu na wake, na saruji imekaa. Nilipoenda kuiangalia mwaka wa tatu ilikuwa imeshika ndani ya mifuko yake, mawe arobaini yenye umbo la mto wa kulalia. Nikalia. Sikulilia saruji, jamani. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeolewa na mtu anayejua jambo na haniambii. Nikamuuliza kama kuna mwanamke. Nikamuuliza kama nyumba imewekwa rehani. Akanyamaza. Tulikaa wiki nzima tukilala mzungu wa nne, miguu yangu kichwani kwake, miguu yake kichwani kwangu, watu wawili wenye digrii.

Kilichofungua mambo ni chokaa. Wiki ile ile, kwa hasira, nikaamua kama nyumba haibomolewi basi angalau itapakwa rangi. Nikapanda stuli nikaanza kukwangua chokaa ya zamani juu ya mlango mkubwa. Chini yake zikatokea tarakimu, zimechorwa kwa msumari wakati saruji mbichi: 1943.

Mwaka 1943 hakukuwa na kapteni wa Kijerumani anayejenga nyumba Machame. Nikashuka nikaenda jikoni kwa Bibi.

Bibi yake mwenzangu umri wake umepita tisini. Kwa utani wa kwetu wote, yeye humwita mjukuu wake "mume wangu", na mimi tangu siku ya kwanza ananiita "mke mwenzangu". Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, vidole vimepinda lakini kisu hakikosei. Nikamsalimia, nikachukua kisu changu, nikamenya naye ndizi kama tano hivi kabla sijasema.

"Bibi, nyumba hii ilijengwa na nani?"

Akaendelea kumenya. "Mke mwenzangu, miaka yote unataka kubomoa nyumba ya mtu, leo ndiyo unauliza ya nani?"

Msomaji, nilitamani nijifukie kwenye maganda.

Alinisimulia taratibu, akisimama kutia kuni na kuonja chumvi. Babu yake mwenzangu alikuwa na kaka, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Vita vya Pili vilipokuja aliandikishwa jeshini, kama maelfu ya vijana wengine wa Tanganyika. Alirudi likizo mara moja tu, amevaa buti. Wakati huo pale palikuwa na nyumba ya nyasi, na mbele msingi mpya wa mawe na baraza la saruji ambalo baba yake alianza kulijenga kwa fedha ya kahawa na ile posho ya mwanajeshi iliyokuwa ikiletwa nyumbani kila mwezi. Usiku hakupata usingizi, akawa anatembea barazani kwenda na kurudi, buti zinalia, mama yake amelala anamsikiliza. Asubuhi akaondoka. Kuta zikapanda, bati likaja, mwaka ukachorwa juu ya mlango. Mwenye fedha hakuiona.

Mwaka 1944 ikaja karatasi. Mwalimu wa kanisani aliisoma baada ya ibada, chini ya mringaringa, watu wamesimama. Ilisema amepotea baharini.

"Amepotea," Bibi akarudia. "Mama mkwe wangu hakuwahi kuona bahari. Hapa nani aliiona? Alichosikia yeye ni kwamba mtoto amepotea. Ng'ombe hupotea, mtoto hupotea sokoni, mtu hupotea porini kwenye ukungu. Aliyepotea anatafuta njia. Akifika usiku akakuta mlango una komeo, si ataona amekataliwa?"

Kwa hiyo kila usiku watu wote wakishalala, yule mama aliamka akaondoa komeo. Bibi alipoolewa pale miaka ya hamsini alimkuta akifanya hivyo. Mama mkwe alipozeeka, magoti yakakataa, akamwita mkwe wake akamwonyesha: komeo lisilie, mlango uachwe umerudishiwa, upepo usiufungue. Akafariki miaka ya sabini. Bibi akaendelea. Miaka yote hiyo, kila usiku. Mjerumani wetu!

"Na kaburi?" nikauliza.

"La nani?" akanijibu. "Mchungaji alitaka kufanya ibada, tuweke msalaba. Mama akauliza, nani kamwona amekufa?"

Hapa nikose adabu kidogo niseme lililonipata. Mimi ni mtoto wa pwani. Nilivyosikia "amepotea baharini" mwili ulinisisimka, kwa sababu kwetu maneno hayo hayana tafsiri mbili. Mvuvi akipotea baharini watu wanasubiri siku kadhaa, wanatafuta mpaka mikokoni, halafu anasaliwa sala ya ghaibu na mjane anaanza eda. Na Wajaluo kule Ziwa Victoria huzika tunda la mwegea mahali pa mwili usiopatikana, ili watu wapate pa kulilia. Kwenye kihamba cha Machame, ambako mtu akifia Mwanza au Ulaya ukoo mzima unachanga arudishwe azikwe kwenye udongo wa kwao, walibaki na karatasi tu. Nami nimekaa pale na kisu mkononi, na jibu ninalo, na sikuweza kulisema.

Bibi alinituma chini ya kitanda chake nikalete kopo la biskuti. Karatasi ilikuwemo, imekunjwa mara nne, mikunjo imechanika. Nilipiga picha kwa simu. Kikosi chake kilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Wikendi ile, badala ya kupaka rangi, nilikaa kwenye mgomba ambapo intaneti inashika nikasoma. Naomba mnivumilie kwa tarakimu, kwa sababu nyumba nyingi za Afrika Mashariki huenda zina karatasi kama ile.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mmoja wa abiria wake, tuseme hivyo, ilikuwa meli ya zamani iitwayo Khedive Ismail, imebeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi, wanawake wa jeshi. Jeshi lilikuwa linakusanywa Ceylon kwa ajili ya Burma; wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndio waliokuja kupigana bonde la Kabaw mwaka ule ule. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani namba I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Meli ilizama chini ya dakika mbili. Askari wengi walikuwa ndani, chini ya sitaha. Halafu, na hili nililisoma mara tatu nikidhani sijaelewa, manowari za Waingereza zikaanza kuiwinda ile nyambizi kwa mabomu ya kina wakati walionusurika bado wanaelea pale pale majini. Walikufa watu 1,297. Waliopona ni 214.

Kijana wa mlimani, aliyezaliwa pasipo na hata ziwa.

Nilimkumbuka Mangi Meli. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba alinyongwa kwenye ule mti pale Tsudunyi akakaa saa saba bila kukata roho, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa zaidi ya nusu karne, akafika hadi kutoa vipimo vya vinasaba ili vilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin. Septemba 2023 majibu yalitoka. Fuvu moja lililopata ndugu zake ni la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli mwenyewe. La Meli halikuwemo. Miezi miwili baadaye Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Niliwahi kuziona habari hizo ofisini, nikazipitisha haraka kama mambo ya magazeti ya siasa, nikarudi kwenye makala yetu ya mapazia. Kumbe niliolewa ndani ya habari ile ile.

Jioni nikamkuta mwenzangu barazani, amekaa peke yake na kikombe cha mbege. Nikamwekea simu mkononi bila kusema neno. Akasoma mpaka mwisho. Akaniambia alikuwa na miaka kumi Bibi alipolazwa hospitali mwezi mzima, na babu akamwamsha usiku wa kwanza akamshika mkono mpaka mlangoni. Yeye ndiye aliyeondoa komeo mwezi ule.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mimi, mhasibu, siwezi kubomoa nyumba kwa sababu kuna mtu hajarudi, na mtu mwenyewe alikufa kabla baba yangu hajazaliwa? Ungeniona mjinga."

"Nilikuona una mwanamke."

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wa shati, akaenda gizani. Aliporudi alikuwa na jani la isale. Wasomaji wa Kilimanjaro hapo mmeshaelewa. Kwa wengine: ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini, na kwa Wachagga mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa. Nilitaka kukataa kidogo hivi, nikumbushie saruji. Desturi ikanifunga mdomo.

Mabuti? Shemeji yangu ambaye ni fundi wa majengo anasema ni bati. Mchana linatanuka kwa jua, usiku mlima ukishusha baridi linajikunja, misumari inalia mmoja baada ya mwingine kutoka upande huu wa baraza mpaka ule. Ninamwamini. Kuna usiku nahesabu misumari, kuna usiku nahesabu hatua, inategemea nimekula nini.

Tumekubaliana hivi. Nyumba ya mawe inabaki, bati linabadilishwa. Yetu tutajenga chini kidogo kwenye mteremko, ndogo kuliko ile ya kwenye ramani, na mawe yetu arobaini ya saruji yameshapata kazi, yamepangwa kuwa ngazi. Majina ya watu wa Kikosi cha 301 yapo Nairobi, kwenye mnara wa wasio na makaburi, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Mwenzangu ameomba likizo Aprili twende tukalitafute. Anataka kubeba udongo wa kihamba. Sijui kama mpakani watauruhusu, tutaona.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Bibi. Tulibishana siku mbili nani aseme na kama ni haki kumwambia. Mwisho mwenzangu alimwambia jikoni, kwa Kimachame, nami sikuelewa yote, ila nilisikia Mombasa na Colombo vikipita. Bibi alisikiliza akiangalia moto. Akauliza swali moja: ilichukua muda gani?

"Dakika mbili, Bibi. Hazikufika."

Akahesabu kitu kwa vidole, sijui nini. Akaomba maji.

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi Dar nililala chumbani kwake, maana alikuwa anakohoa. Baridi kali. Nje ko, ko, ko, bati au lolote lile. Nilidhani kalala. Saa nane hivi akaniita.

"Mke mwenzangu. Mlango umeufunga?"

Sikujua anataka jibu gani. Nilikaa kitandani gizani nikimtafuta usoni na simuoni. Nikamwambia tu kilichokuwepo.

"Nimerudishia, Bibi."

"Haya," akasema, akageukia ukutani.